Ujuzi Wangu Umepata Karatasi

Mimi ni fundi mwashi wa Ulaya, Kilosa. Ufundi nimeupata kwa mjomba, nikianza kwa kukoroga zege na kubeba tofali mpaka akanikabidhi timazi. Nyumba nilizojenga kati ya hapa na Mikumi zimesimama, watu wanalala ndani. Lakini kila nilipokwenda kwa mkandarasi, swali la kwanza lilikuwa cheti. Huna? Basi kaa kwa masaidia fundi, ulipwe kwa kutwa.

Mwishoni mwa 2021 zikaja fedha za UVIKO-19 za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, na shule zikawa zinatafuta mafundi wa karibu kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia ujenzi badala ya mkandarasi. Kamati za shule hazikutaka mtu wa kuokotwa kijiweni. Zilitaka watu wenye uongozi, ili ukuta ukipata ufa ajulikane wa kubanwa. Tukaungana waashi, maseremala na wachomeleaji, tukasajili kikundi.

Katibu wetu, dada mmoja anayechomelea mageti, ndiye aliyetufikisha chuo cha ufundi cha VETA Mikumi kuulizia urasimishaji ujuzi. Fundi wa mtaani harudishwi darasani kuanza upya. Wanakutazama ukifanya kazi, wanakuhoji, palipopungua wanakunoa, kisha unapata cheti. Mkono wangu haukuwa na neno. Kilichonitoa jasho ni kusoma ramani, maana nilizoea mwenye nyumba anichoree chini kwa kijiti. Aliyenipima ni kijana wa rika la mwanangu. Mimi namwita mwalimu, yeye ananiita mzee, na kazi ikaenda.

Siku hizi mwenye mradi humpigia katibu, naye anajua nani ana cheti gani na nani yuko shambani. Vijana wa chuo nao wanakuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, na wengine hatuwaachii tena.

Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, upo, na kijana mwenye simu anaweza kujisajili mtandaoni. Ni jambo jema. Lakini nani atasema huko kwamba plasta ya kijana huyu haipasuki? Waliomwona akiipiga ni sisi. Chuo kinampima, kikundi kinamdhamini. Kimoja kikikosekana, karani wa mkandarasi anarudi kwenye swali lake la zamani.

Malipo yangu yamepanda. Wapo bado wanaonijaribu kwa bei ya saidia fundi. Hao nawapa namba ya katibu.