Je, Mama wa Hadithini Aseme Namna Gani?

Vijana wetu wanaandika hadithi, nasi twafurahi sana. Jioni wanatuletea madaftari yao tuyasahihishe. Hapo ndipo neno gumu linapotokea: tusahihishe nini, na tuache nini?

Kijana mmoja alileta hadithi ya mama muuza mihogo ambaye wanawe wamekwenda migodini wala hawaleti habari. Mama yule anamwambia jirani: "Batoto banaenda, nyumba inabakia bule." Msomaji mwingine alikuwa amekwisha kupiga wino mwekundu na kuandika juu: "Watoto wamekwenda zao, nyumba imebaki tupu." Sarufi haina kosa. Lakini mama ametoweka, na mahali pake amesimama mwalimu. Kijana akatuuliza kwa sauti ndogo: "Basi mama yangu anasema vibaya?" Tukamwambia hapana, tukaufuta wino.

Yafaa tukumbuke Kiswahili sanifu kilivyopatikana. Kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilishika Kiunguja kuwa msingi. Kimvita cha Mombasa, chenye mashairi ya tangu zamani, kiliachwa kando. Je, kilikuwa lugha mbovu? Hata kidogo! Kongo yetu haikuwamo katika shauri hilo.

Hata hivyo hatusemi sarufi itupwe. Msimulizi anaihitaji kama fundi anavyohitaji kamba ya kupimia. Tazameni -ka-: "Akaamka, akajitwika kikapu, akashika njia." Habari zinafuatana mbio, na msomaji anafuata. Tena -ki- inatuonyesha mambo mawili pamoja: tulimwona akishuka kilima. Lakini anayeandika -li-, -li-, -li- toka mwanzo hata mwisho, hadithi yake inachechemea kama mtu mwenye funza kidoleni.

Katika maneno ya watu wenyewe, kipimo chatosha. Ba- mahali pa wa-, neno moja mbili za nyumbani, basi. Sikio la msomaji litamaliza lililobaki. Tena mtu asibadilike ovyo. Akisema "bantu" leo, kesho asiseme "watu", isipokuwa amesimama mbele ya hakimu au bwana wake wa kazi. Mpishi ajikazaye kusema Kiswahili cha shule mbele ya bwana, kisha akifika kwake anarudia ba- zake, ametuambia mengi juu ya maisha yake, na mwandishi hakueleza neno.

Jambo moja latuudhi: kumpa mlevi na mjinga lugha ya mtaani, na shujaa peke yake Kiswahili safi. Huko ni kuwasingizia watu wetu.

Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi, akitumia Kiswahili cha huko cha watumishi wa nyumbani. Ilipotolewa kitabuni mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wataalamu walikuwa wamehitaji kwanza kuisikia ikisomwa kwa sauti ili waielewe vema.

Nanyi vijana, kabla ya kutuletea daftari, msomeeni mtu asemaye hivyo nyumbani kwake. Akicheka mahali pasipo kichekesho, rekebisheni hapo.