Njia ya Kemambo: Mtoto apakatwe, afungwe au ainuliwe?

Kwenye michomoko inayotoka Tarime mjini kwenda Nyamongo, mtoto halipi nauli mradi apakatwe. Utaratibu huu haujaandikwa popote, lakini kila msafiri wa njia hii anaujua. Mama anaingia na mkoba, wa miaka minne anakaa mapajani kwake, mdogo wake anapewa shangazi, na gari dogo lililotengenezwa kwa watu watano linaondoka na watu wanane.

Nauli ikisamehewa, kila mtu anaona amepata nafuu. Abiria kaokoa fedha, dereva kajaza gari, mtoto yuko mikononi mwa mama yake. Nani atalalamika?

Ukitoka Tarime unaiacha barabara kuu ya Musoma–Sirari na kupita kwenye vilima vya migomba, kahawa na mahindi. Asubuhi kuna baridi na watoto wamevikwa masweta mazito. Ukishapita Nyamwaga nchi inashuka, joto linapanda, na hatimaye unafika Nyamongo, kwenye kata za Matongo na Kemambo zilizo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara. Ukiendelea mbele unavuka Mto Mara na kuingia Wilaya ya Serengeti, safari ya kuelekea Mugumu. Tarime hadi Mugumu ni zaidi ya kilomita 80.

Njia hii ina mambo yake. Kuna malori na magari ya mgodi, kuna bodaboda zinazotokea pembeni, na kuna ng'ombe. Wakurya ni wafugaji, na kundi la ng'ombe halisubiri gari lipite. Dereva anakanyaga breki ghafla mara kadhaa katika safari moja. Aliyekaa mbele na mtoto mapajani anajua jinsi kichwa cha mtoto kinavyokimbilia dashibodi, hata pale ambapo hakuna ajali iliyotokea.

Kwa miaka mingi barabara hii ilikuwa ya changarawe, na mashimo yenyewe yalipunguza mwendo. Sasa lami inajengwa kwa vipande. Lami ni jambo jema: mama mjamzito anafika hospitali mapema, ndizi zinafika sokoni hazijapondeka. Lakini lami huongeza mwendo, na mwendo ndio unaoamua mwili wa mtoto utapata nini gari likigonga.

Mikono ya mama na magunia mawili

Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama, asiyefungwa mkanda anapata pigo sawa na la kuanguka kutoka urefu wa takriban mita 10. Huo ni urefu wa mwembe mkubwa. Kama gari limesimama ndani ya nusu mita, mtoto wa kilo 12 anaivuta mikono ya mama yake kama mzigo wa zaidi ya kilo 200. Ni magunia mawili ya mahindi, na yanavuta kabla mama hajajua kilichotokea.

Kwa hiyo suala si upendo wala uangalifu wa mama. Hakuna mikono inayoweza kushika magunia mawili.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Shirika hilohilo linasema kiti sahihi cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga ndani ya gari kwa takriban asilimia 70. Hapa nchini tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na wanaharakati, wakiwamo wa Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA), wamekuwa wakidai usalama wa mtoto ndani ya gari uwekewe sharti la kisheria. Lakini mzazi hahitaji kumsubiri trafiki ndipo aanze.

Na wazazi wameanza. Mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo magari binafsi yameongezeka Nyamongo: ya wafanyakazi, wafanyabiashara, walimu, wauguzi. Kewanja, ndani ya Kata ya Kemambo, mama mmoja mwenye gari alinionyesha kwenye simu picha za viti viwili. Kimoja kilikuwa kikubwa, chenye mikanda yake. Kingine kilikuwa kama mto mgumu usio na mgongo, na bei yake ilikuwa chini sana.

"Dada, wangu ana miaka minne na ni mrefu. Si anatosha kukaa kwenye hiki kidogo?" aliuliza.

Swali lake ni la wazazi wengi, na jibu halianzi na umri.

Viti viwili, kazi mbili

Kiti kile kikubwa kinafungwa kwenye gari, kisha mtoto anafungwa kwenye kiti. Kina mikanda yake inayomshika mtoto mahali patano: mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya miguu. Gari likigonga, nguvu inagawanyika kwenye mifupa migumu ya mwili, na mtoto habanduki hata kama alikuwa amesinzia.

Kile kidogo, ambacho wauzaji hukiita busta, hakimfungi mtoto hata kidogo. Kazi yake ni moja tu: kumwinua ili mkanda wa gari, uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mzima, umkae vizuri. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na kifuani, na sehemu ya chini ilale juu ya mapaja, usawa wa nyonga. Bila kuinuliwa, mkanda unamkata mtoto shingoni na kumlalia tumboni. Gari likigonga, mkanda wa tumboni unaweza kuumiza utumbo, ini na hata uti wa mgongo.

Hapo ndipo penye tofauti yenyewe. Kiti chenye mikanda yake kinamlinda mtoto ambaye mkanda wa gari haumfai. Busta inamsaidia mtoto ambaye mkanda wa gari unakaribia kumfaa. Gari lisipokuwa na mkanda unaopita begani na kiunoni, busta inabaki kuwa kigoda tu.

Anza na kadi ya kliniki

Viti vingi hutaja kilo kwenye kibandiko chake, na kilo za mtoto mzazi anazo tayari. Zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kama mwanao hajapimwa siku nyingi, mpeleke kwenye zahanati akapimwe uzito na urefu kabla hujatoa fedha yako dukani.

Mtoto mchanga anatazama nyuma, na anaendelea kutazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti hicho. Shingo yake bado ni laini na kichwa chake ni kizito kuliko shingo inavyoweza kubeba. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifunguka unaweza kumuua.

Akishakizidi, anageuzwa kutazama mbele, bado kwenye kiti chenye mikanda yake. Viti vingi vya aina hii hufika kilo 18, vingine huzidi hapo. Kwa viwango vya ukuaji vya WHO, mtoto wa kawaida wa miaka minne ana kilo 16 hivi, na kilo 18 huzifikia karibu na miaka mitano. Mtoto wa yule mama wa Kewanja, mwenye miaka minne, huenda bado ana mwaka mzima au zaidi wa kukaa kwenye kiti chenye mikanda yake. Urefu wake haubadilishi jambo hilo, isipokuwa mabega yamepita tundu la juu kabisa la mikanda au masikio yamefika ukingo wa juu wa kiti.

Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kutomhamisha mtoto kabla hajafika kikomo cha kiti alichonacho. Ushauri huo unafaa pia Nyamongo, kwa sababu kila hatua mbele, kutoka kutazama nyuma hadi mikanda, kutoka mikanda hadi busta, inampunguzia mtoto ulinzi kidogo. Usiiharakishe.

Kuna kipimo kingine kisichoandikwa kwenye kibandiko: tabia. Busta inamtaka mtoto akae wima safari nzima, asiinamie dirishani, asiupitishe mkanda chini ya kwapa, asidondoke pembeni akisinzia. Kutoka Kemambo hadi Tarime, kwenye joto la mchana, mtoto wa miaka minne atasinzia. Akiegemea upande, mkanda unahama begani. Kwa hiyo kama unanunua busta, chukua yenye mgongo na mbawa za kichwani kwa mtoto mdogo. Ile isiyo na mgongo mwachie mkubwa.

Busta haiachwi mtoto anapoanza darasa la kwanza. Inaachwa mkanda unapomkaa bila msaada, kwa kawaida akifika sentimita 145 hivi, umri wa miaka 11 au zaidi. Mkalishe mgongo ukiwa umegusa kiti. Magoti yakikunja kwenye ukingo, mkanda ukipita katikati ya bega na kulala mapajani, amefuzu.

Kagua gari kabla ya duka

Kabla hujanunua, fungua milango ya nyuma ya gari lako. Vuta kila mkanda. Je, unatoka wote? Unakaza ukiuvuta ghafla? Kifungio kipo, au kimezama chini ya kiti tangu gari linunuliwe? Kiti cha katikati nyuma, katika magari mengi ya zamani, kina mkanda wa kiunoni tu. Hapo usiweke busta. Viti vingine vyenye mikanda yake huruhusu kufungwa kwa mkanda wa kiunoni. Kibandiko au kitabu chake kitakuambia.

Upande wa Serengeti na hata mgodini kuna magari aina ya hardtop ambayo abiria wa nyuma hukaa wakitazamana. Viti hivyo vya ubavuni havifai kiti cha mtoto cha aina yoyote. Mtoto akae kwenye kiti kinachotazama mbele.

Ukishafunga kiti, kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, hakijafungwa. Kisha mfunge mtoto na ujaribu kuufinya mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukifinyika, umelegea. Lile sweta zito la asubuhi ya Tarime mvue kwanza, mfunge, halafu mfunike kwa kanga juu ya mikanda. Sweta hufanya mkanda uonekane umekaza kumbe umekaza nguo.

Viti vya mitumba vipo na vinasaidia, lakini viulizwe maswali. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara, pamoja na R44 au R129, alama za viwango vinavyotumika Ulaya na Japani. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyochongwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka sita hadi kumi. Kiti kilichowahi kuwamo kwenye ajali, chenye ufa, au ambacho mikanda yake imeshonwa upya na fundi wa viatu, kiache hapohapo.

Na asiye na gari?

Familia nyingi za Kemambo hazina gari, na kumwambia mama wa mchomoko abebe kiti cha kilo saba ni kumdhihaki. Tuongee linalowezekana.

Kwa mtoto aliyefikia kilo na urefu ulioandikwa kwenye busta, busta nyepesi inaingia kwenye mfuko, lakini ifae tu kama gari lina mkanda wa begani unaofanya kazi. Uliza kabla ya kupanda. Mtoto anayeweza kukaa peke yake, mlipie nauli ya kiti chake, akae nyuma dirishani, afungwe mkanda wake. Nauli hiyo ndiyo kinga iliyo nafuu zaidi kwenye njia hii. Watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja.

Kama ni mchanga na hakuna namna ila kumpakata, kaa nyuma, usikae mbele. Jifunge wewe mkanda, naye abaki nje ya mkanda wako, kwa maana mkimfungia ndani, uzito wako ndio utakaomkandamiza. Vivyo hivyo usikae na mtoto mgongoni kwenye mbeleko ndani ya gari, mshushe. Hii haimlindi mtoto kama kiti. Inapunguza madhara tu.

Na sema na dereva. Nilimuuliza mmoja pale stendi ya Nyamongo kwa nini mikanda ya nyuma ameikunja chini ya viti. "Hakuna anayeiulizia, dada," alijibu. Siku hiyo abiria wawili waliiulizia, akainua kiti na kuitoa, ikiwa imejaa vumbi lakini mizima. Wazazi wanaotumia gari lilelile kila wiki wana nguvu kuliko wanavyodhani: wakiuliza kila mara kabla ya kupanda, dereva ataona kuwa mikanda nayo inaleta abiria.

Yule mama wa Kewanja alitoa kadi ya mwanawe. Ilisomeka kilo 15 na nusu. Akaifuta picha ya kiti kidogo kwenye simu yake, akasema atamuuliza mumewe kuhusu bei ya kile kikubwa, na hicho kingine watakinunua mtoto akishaanza shule.