Nyumba ya Kwao, Miti ya Baba Yangu

Shosti, kuna wanawake wanaogombana na waume zao kwa sababu ya nyumba ndogo. Mimi na wangu tunagombana kwa sababu ya nyumba kubwa.

Iko Mji Mkongwe, Unguja. Ghorofa tatu, ua katikati, baraza nje, mlango wa nakshi ambao watalii hawaachi kuupiga picha. Ni ya ukoo wa mama mkwe, watu waliokuwa wakiingia na kutoka kwa masultani kama mimi ninavyoingia saluni. Sasa warithi wanataka kuuza wagawane. Mume wangu anataka kuzinunua hisa za wenzake wote, na pesa ameziona kwenye shamba langu la paini Njombe, ekari 12 nilizoachiwa na marehemu baba. Miti ina miaka 11. Aliyekulia Makambako kama mimi anajua: ukiikata sasa unauza mirunda. Mbao ya maana inataka miaka 18 na kuendelea.

Sitadanganya, nyumba imeniteka. Nilipopanda paani mara ya kwanza nilimkumbuka Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844. Si mnaijua stori yake? Alipendana na jirani, Mjerumani Heinrich Ruete, wakionana kutoka nyumba hadi nyumba. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, akatoroka na manowari ya Waingereza hadi Aden. Wakaoana huko 1867, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo. Salme alirudi Unguja 1885 kudai urithi wake, akatoka mikono mitupu. Mume wangu huisimulia kama hadithi ya mapenzi. Mimi nakwama hapo kwenye urithi.

Maana nimeuliza. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 haki ya matumizi hupewa Mzanzibari. Mume wangu ni Mzanzibari. Mimi ni mtoto wa Makambako, stesheni ya TAZARA. Yaani miti ni yangu, jina kwenye karatasi litakuwa lake.

Halafu kuna kuitunza. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari inashikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haifiki mbali, vyumba ni virefu na vyembamba kama behewa. Fundi akikupakia saruji juu ya chokaa, unyevu unakwama ndani na ukuta unaanza kuoza. Na usibadilishe dirisha bila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mji umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Sembuse yetu?

Tukaenda Makambako kumsikiliza mama. Baada ya kamwene na chai, mume wangu akamwonyesha picha kwenye simu. Mama akazitazama moja moja, miwani puani.

"Pazuri, baba. Hayo mawe walibeba akina nani?"

Nilitamani kujificha jikoni. Lakini swali lilikuwa halali. Majumba yale yalisimama kwa karafuu, pembe na watu, watu wa bara, waliouzwa Mkunazini hadi soko lilipofungwa 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria 1897. Mume wangu hakujitetea, na kwa hilo nilimpenda upya. Alisema bibi yake alilelewa na mwanamke mzee aliyeitwa Mnyasa, basi. Jina alilopewa kwao hakuna aliyelijua.

Mama hakusema tena. Alimwongezea chai.

Njiani nilimpa jibu langu: paini hazikatwi kabla ya wakati wake. Kama mawifi wanaweza kusubiri miaka saba, nitachangia, na tutaandikiana kwa mwanasheria. Kama hawawezi, auze nao achukue fungu lake. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu, tukila, akauliza miche ya parachichi Njombe inauzwaje. Nikamtajia bei.