Mfereji Mkavu Nao Hufungwa

Ikiwa unaishi katika nyumba za ghorofa hapa Mowlem, au kwa jirani zetu wa Umoja na Kariobangi South, wajua vyema kwamba maji huja yapendapo. Unafungua mfereji, unatoa mvumo wa hewa tu, nawe unashika njia kwenda kazini bila kuufunga. Hapo ndipo balaa huanzia.

Bwawa la Ndakaini lilipopungua, jiji la Nairobi liliingia kwenye mgao Januari 2017, na sote tukalia uhaba. Lakini hasara kubwa niliyoiona katika ploti yetu ililetwa na maji yaliporudi. Mama mmoja wa orofa ya juu yangu alikuwa amesafiri kwenda matangani. Maji yakaja usiku wa manane, na kitambaa kilikuwa kimeziba tundu la sinki. Kufikia alfajiri dari yangu ilikuwa ikidondoka juu ya godoro la watoto na vitabu vyao vya shule. Mlango wa juu una kufuli, keateka anahangaika kuzima stima! Landilodi alisema hayo ni ya wapangaji wenyewe. Ilitubidi tukae chini na mama huyo, tukaafikiana alipe kidogo kidogo.

Hebu piga hesabu. Mfereji unaojaza mtungi wa lita 20 kwa dakika 2 humwaga lita 600 kwa saa. Tangu saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni lita 4,800, yaani mitungi 240!

Basi tufanyeje? Kwanza, funga mfereji hata kama ni mkavu, na uwafunze watoto vivyo hivyo. Pili, usiache chochote kinachoweza kuziba tundu la sinki. Tatu, kagua mipira ya maji iliyo chini ya sinki na kwenye tangi la choo. Iliyochakaa hupasuka usiku, wakati watu wamelala na nguvu ya maji imezidi. Nne, ukisafiri, funga valvu ya nyumba yako na umwachie jirani unayemwamini ufunguo.

Hata wanaoishi ndani ya mashua huko Uingereza hushauriwa kujaza tangi, kisha wafunge mfereji wa gatini, maana mpira ukipasuka mashua huweza kuzama.

Msomaji, sakafu yako ni dari ya mwenzako. Kabla ya kulala leo, zunguka nyumba ukaishike mifereji yote kwa mkono.