Kuponi na matabishi: kila duka na sheria yake

Hapa kwetu, ukinunua maharagi kila mara kwa muuzaji mmoja, akimaliza kupima anakuongezea kiganja kimoja juu. Ndiyo matabishi. Hakuna anayeyaandika mahali, lakini mama akinyimwa, kesho anapeleka makuta yake kwa jirani.

Tangu Oktoba 2022, vita vilipoleta familia nyingi kutoka Rutshuru hadi hapa Kanyaruchinya, kuponi nazo ziliingia katika biashara yetu. Mara nyingine ni soko la siku moja, mara nyingine ni duka lililochaguliwa. Shirika linakupa karatasi yenye thamani fulani, muuzaji anakupa vitu, anatunza karatasi, na shirika linamlipa baadaye. Mpaka hapo kila mtu anaelewa. Shida inaanza unapouliza kama kuponi inaweza kwenda pamoja na matabishi yako, ao na franka chache ulizofunga kwenye kitenge.

Wakati ule mama yangu mdogo alikuwa anaishi hapa chini ya shitingi pamoja na watoto watano. Siku moja nilimsindikiza na kuponi yake ya dola 10. Tulipita kwa wauzaji watatu, wote wanapokea kuponi ileile.

Wa kwanza alipima maharagi, akasawazisha kopo kwa mkono, akasema: "Mama, kuponi haina matabishi. Matabishi ni ya makuta." Wa pili alikubali matabishi, tena alikubali tuongeze franka juu ya kuponi ili tufikie bei ya bidoni ya mafuta. Lakini dola moja, iliyokuwa franka 2.700 barabarani, yeye aliihesabu 2.500. Kwa dola 10 zinapotea franka 2.000, kwa sababu ya kiganja kimoja cha maharagi. Wa tatu ndiye anayemjua mama mdogo, anayemkopesha unga siku za njaa. Huyo alifungua kaye yake ya madeni na kutaka kukata deni kwanza.

Nilimuuliza yule wa kwanza kwa nini. Hakuficha: shirika linalipa baada ya siku nyingi, na muuzaji wa jumla kule Birere anataka makuta leo. Barabara ya Rutshuru wakati ule ilikuwa haileti tena maharagi kama zamani, bei ilikuwa inapanda kabla hajalipwa. Ninamwelewa. Lakini gharama ya kungoja shirika inabebwa na nani? Inabebwa na mama mwenye karatasi, kiganja kwa kiganja, na hakuna aliyemwambia hivyo siku alipopewa kuponi.

Watu wanasema: kama hujaridhika, lalamika. Kuna namba ya simu ya malalamiko, kuna kamati. Mama mdogo alinisikiliza, akacheka kidogo. "Mtoto wangu, kuponi inaisha leo. Ile kaye nitairudilia siku ya tano." Akaenda kwa yule wa tatu, nusu ya kuponi ikakata deni, nusu ikawa unga na chumvi. Matabishi alipata, tena mengi.

Ndiyo maana sidhani kwamba dawa ni kuwafundisha akina mama kulalamika. Hawawezi kugombana na mtu anayewalisha kwa deni. Sheria inapaswa kutoka kwa anayelipa kuponi, na ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa: dola inahesabiwa franka ngapi, kuongeza makuta ni ruhusa ao hapana, chenji inarudi ao hairudi, deni linakatwa ao halikatwi. Na asiyejua kusoma asomewe kwa sauti mbele ya watu, kabla ya kuponi kugawanywa. Muuzaji naye alipwe haraka, ili asitafute faida yake ndani ya kopo.

Kwa sasa, ndugu wasikilizaji, kabla hamjatoa karatasi mkononi, ulizeni bei kwanza, kisha hesabu ya dola, kisha mabaki. Kuponi ikishaingia kwenye sanduku la muuzaji, hairudi. Nami maswali haya ninayapeleka kwa mashirika. Jibu likija, mtalisikia redioni, na kama halikuja, hilo pia nitalisema.