Nani Aliyeishona Kofia Hii?

Mwezi uliopita binti yangu, aliye kidato cha tatu, alirudi nyumbani na kitabu kinene alichoazima kwa mwalimu wake. Kilikuwa cha Kiingereza, kimeandikwa na Katy Hessel na kuchapishwa mwaka 2022, nacho kinasimulia historia ya sanaa kwa kuwataja wanawake peke yao. Nilikunja uso. Nilikihesabu kuwa ni ubishi wa Kizungu, nikamwambia akirudishe akasome mambo ya maana. Hakunijibu. Alikiacha juu ya meza, nami baada ya sala ya Isha nikakifungua.

Niliyoyasoma yalinitia haya. Kitabu mashuhuri cha historia ya sanaa alichokitoa E. H. Gombrich mwaka 1950, katika toleo lake la kwanza, hakikumtaja msanii mwanamke hata mmoja. Si kwamba hawakuwako. Judith Leyster alipokewa katika chama cha wachoraji wa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1633. Alipofariki mwaka 1660, jina lake likasahaulika, na picha zake zikahesabiwa kuwa za Frans Hals. Mwaka 1893 ndipo ilipotambuliwa alama yake katika picha mojawapo: herufi zake mbili zilizofungamana na nyota ndogo. (Picha yenyewe ni ya watu wanaokunywa ulevi, lakini hilo lina mahali pake.) Kwa zaidi ya miaka mia mbili macho ya wajuzi yalikuwa yakiipita alama ile.

Nikajiuliza: na sisi Waislamu je? Hapo moyo ulitulia kidogo. Wanazuoni wetu walioandika tarehe za watu hawakumwacha Shuhda wa Baghdad, aliyefariki mwaka 574 Hijria (1178 Miladia). Walisifu upokezi wake wa Hadithi na uzuri wa hati yake, hata akaitwa al-Katiba, yaani mwandishi. Na katika Msahafu mkubwa wa Qayrawan, Tunisia, wa mwaka 410 Hijria (1020 Miladia), Ali bin Ahmad al-Warraq, aliyeuandika, kuutia nakshi na kuujalidi, ameweka wazi kuwa kazi ile ilipita mikononi mwa Durra al-Katiba. Mwanamume yule hakuona taabu kulitaja jina la mwanamke ndani ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Lakini sikuweza kujisifu kwa Durra, kwani nilikumbuka sanduku la marehemu mama yangu, Allah amrehemu. Mama alikuwa akishona kofia hapa Unguja. Kila alasiri alikaa ukumbini, akitoboa na kuzungushia uzi tundu moja baada ya jingine, na kofia moja ilimmalizia miezi. Kisha alikuja tajiri kuzichukua, na siku ya Idi watu waliisifia kofia kwa jina la tajiri huyo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliosifia hivyo, hali nilimwona kwa macho yangu nani aliyeishona. Sandukuni imebaki moja aliyoifikisha nusu, sindano imeshikana na kutu.

Binti yangu aliniuliza kama bibi yake aliweka alama yoyote. Sikujua. Tukaipeleka kofia kwa shoga yake mmoja aliye hai. Bi mkubwa macho yamemwishia, aliipapasa kwa kidole gumba, akasema, "Huu mkono wa mama yako. Hakuna aliyekaza tundu namna hii." Kisha, bila kuombwa, akaanza kuwataja wengine: nani alishona na nani, nani alibuni nakshi zilizoigwa mtaa mzima.

Binti yangu alitoa daftari. Tumerudi kwa bibi mara tatu sasa, na waliomo wamefika kumi na moja. Wawili kati yao bibi hakuyakumbuka majina yao. Daftarini wameandikwa "mke wa baharia" na "mama wa mapacha".