Namba ya Watanzania, Njiani Kwenda Magomeni

Ukitaja Magomeni, watu wa Dar es Salaam hufikiria ile yao. Mimi nilikuwa naenda ya Mtwara, kwa mara ya kwanza, kumsalimia binamu yangu. Tulipoiacha Mbagala nikatoa daftari, nikaandika 61,741,120: idadi ya watu iliyotangazwa baada ya Sensa ya 2022. Nilitaka kuivunja mpaka zibaki namba tasa tupu, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Namba ni shufwa, nikaigawa kwa 2, nikarudia tena na tena. Tulipovuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa nilikuwa nimeigawa mara sita, imebaki 964,705. Kwa 5 ikawa 192,941. Kwa 3 ikakataa, maana jumla ya tarakimu zake ni 26. Kwa 7 ikakubali: 27,563.

Hapo barabara ikawa ndefu. Ikakataa 11, ikakataa 13, ikakataa 17. Nangurukuru tukashuka kula. 37 nayo ikabakiza 35. Mama niliyekaa naye siti moja akachungulia daftari. "Mwanangu, mbona unahesabu hela usizokuwa nazo?"

Tunakaribia Lindi, 43 ikaingia bila kubakiza kitu, ikatoa 641. Kwa kuwa 26 mara 26 inazidi 641, ilitosha kujaribu namba tasa hadi 23. Zote zikagoma. 641 ni tasa.

Tena ni tasa yenye historia. Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kwamba 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1, yaani 4,294,967,297, ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Kumbe namba iliyomwangusha Fermat imo ndani ya hesabu yetu! Nikaandika jibu kwa mbwembwe: 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641.

Jioni tukapita Mikindani, ghuba ikiwa kushoto, kisha stendi, kisha bajaji hadi Magomeni. Binamu akanipakulia wali na samaki huku mwanawe akinivuta daftari.

"Huyu alizaliwa alfajiri ya Agosti 23, 2022," akasema.

Sensa ilihesabu waliolala nchini usiku wa kuamkia siku hiyo. Basi mtoto hayumo. Nikamwongeza: 61,741,121. Namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, hivyo 2, 5, 7, 43 na 641 zote zikafutika kwa mpigo. Nikamweleza binamu kwamba mwanawe ameniharibia kazi ya njia nzima.

"Na waliozaliwa baada yake, kaka," akauliza, "utawafanyia hesabu lini?"